Mkataba wa Wakala: Kodi Inabebwa na Nani?

Mikataba mingi ambayo mawakala wa ajira huwapa mafundi wa kompyuta, wahasibu, madereva na wahudumu wa wateja nchini Tanzania huwa na sentensi moja inayofanana: mtoa huduma anajitegemea, wala si mwajiriwa wa wakala au wa mteja. Wengi huipita haraka, kwa kuwa macho yako kwenye kiasi cha malipo. Lakini sentensi hiyo ndiyo inayojaribu kuamua nani atakata kodi, nani atachangia hifadhi ya jamii, na nani atajibu maswali ya Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka ukiisha. Nasema inajaribu, kwa sababu sheria haiishii kwenye jina mlilokubaliana kuitana. Sheria huangalia kazi inavyofanyika.

Hoja yangu ni kwamba kuitwa mtoa huduma hakupunguzi kodi kwa kiasi ambacho wengi wanadhani. Kinachofanyika ni kuhamisha mzigo kutoka bega la mwajiri kwenda lako. Kabla ya kusaini, hakikisha unaujua mzigo huo, na kwamba umelipwa kuubeba.

Hesabu kwanza

Tuchukue malipo ya shilingi 2,000,000 kwa mwezi, Tanzania Bara. Ukiwa mwajiriwa, asilimia 10, yaani 200,000, inaingia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na kodi ya mshahara, ambayo tumezoea kuiita PAYE, inakokotolewa kwenye 1,800,000 iliyobaki. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Kuanzia hapo viwango vinapanda kwa ngazi, asilimia 8, 20 na 25, hadi milioni moja ambako kodi inafikia 128,000. Kinachozidi milioni moja kinatozwa asilimia 30. PAYE yako basi ni 368,000, na unaondoka na 1,432,000. Mwajiri naye anaongeza 200,000 za NSSF, asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani 10,000, na kama ana wafanyakazi 10 au zaidi, asilimia 3.5 ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi, yaani 70,000. Hizo ni 280,000 kila mwezi juu ya mshahara wako.

Ukiwa mtoa huduma, wakala anakata kodi ya zuio ya asilimia 5 tu. Unapokea 1,900,000, na inaonekana umepandishwa mshahara. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu ile asilimia 5 ni sehemu tu ya kodi iliyotangulia kulipwa. Mwaka ukiisha, mapato yako ni shilingi 24,000,000. Tuseme una gharama halali za 3,000,000 zenye risiti. Faida ya 21,000,000 inazaa kodi ya 4,236,000. Toa 1,200,000 zilizozuiwa, na bado unadaiwa 3,036,000. Mwajiriwa wa mshahara uleule angelipa PAYE ya 4,416,000 kwa mwaka. Tofauti ya kodi kati yenu ni shilingi 180,000.

Sasa linganisha mifuko. Baada ya kodi na gharama, mtoa huduma anabaki na 16,764,000. Mwajiriwa anabaki na 17,184,000, na juu ya hapo ana 4,800,000 zilizoingia NSSF kwa jina lake. Ana pia likizo ya siku 28 yenye malipo, notisi ya kusitishiwa kazi, na fidia akiumia kazini. Aliyeokoa ni upande wa mwajiri: 3,360,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Ndiyo maana malipo ya huduma yanayolingana na mshahara wa kazi ileile ni malipo pungufu, hata kama fedha ya mwezi wa kwanza inapendeza.

Sheria inatazama nini

Sheria ya Kodi ya Mapato inatofautisha mapato ya ajira na mapato ya biashara. Na tafsiri yake ya ajira ni pana kuliko wengi wanavyofikiri: inagusa pia nafasi inayompa mtu haki ya malipo ya kila kipindi kwa huduma alizofanya. Mkataba unaotamka kwamba utalipwa kiasi kilekile kila tarehe 28, uwe umekamilisha kazi fulani au la, tayari unanukia ajira.

Upande wa kazi, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61 kama ilivyotungwa, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje, iwapo hata moja kati ya mambo haya lipo: namna anavyofanya kazi inasimamiwa au kuelekezwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoitumikia, amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamtumikia mtu mmoja tu.

Dhana hiyo imewekwa kwa ajili ya sheria za kazi, na kodi ina tafsiri yake. Hata hivyo maswali ni ya ukoo mmoja, na yana mizizi katika mahakama za Uingereza, ambako sheria zetu zimerithi mengi. Kesi ya Ready Mixed Concrete ya mwaka 1968 ilihusu dereva wa lori la zege. Alivaa sare ya kampuni, na lori lilipakwa rangi za kampuni. Mahakama ilisema hakuwa mwajiriwa, kwa kuwa lori lilikuwa lake, gharama za kulitunza zilikuwa zake, na aliweza kumweka dereva mwingine mahali pake. Funzo lake bado ni zito: sare haitoshi kukufanya mwajiriwa, na sentensi ya kujitegemea haitoshi kukufanya mfanyabiashara. Kinachopimwa ni nani anaelekeza kazi, nani anabeba hasara, na kama ni lazima uifanye kwa mikono yako mwenyewe.

Vifungu vya kusoma mara mbili

Anza na usimamizi. Mkataba ukitaka ufike saa mbili asubuhi, uombe ruhusa ya kutokuwepo na uripoti kwa meneja wa mteja, hiyo ni ajira iliyovaa nguo nyingine. Mkataba wa huduma hutaja matokeo: mfumo ukabidhiwe ukiwa unafanya kazi, hesabu za robo mwaka zifungwe kufikia tarehe fulani. Njia ya kufika huko anaachiwa mtaalamu.

Tafuta kifungu cha mbadala. Je, ukiugua unaweza kumtuma mtaalamu mwingine mwenye sifa, ukamlipa wewe? Haki hiyo ni alama kubwa ya biashara. Lakini isiwe ya karatasi tu. Kama mteja anaweza kumkataa kila unayemleta, bila sababu, haki hiyo haina uzito.

Soma kifungu cha kazi za wengine. Anayekuzuia kuwa na wateja wengine kwa muda wote wa mkataba anakufanya umtegemee yeye peke yake. Mtoa huduma anaweza kukatazwa kutoa siri au kumhudumia mshindani wa moja kwa moja. Kukatazwa kazi zote ni jambo jingine kabisa.

Kisha fika kwenye kodi, tena soma neno kwa neno. Mikataba mingine inasema malipo yanajumuisha kodi zote. Kama taaluma yako inakutaka usajiliwe kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 18 itatoka ndani ya bei uliyodhani ni yako. Omba iandikwe kwamba VAT, kama inahusika, itaongezwa juu ya bei. Kibaya zaidi ni kifungu cha kumlinda wakala, kinachosema kwamba TRA ikidai kodi yoyote kutokana na mkataba huu, mtoa huduma atamrudishia wakala. Sheria inamtaka anayelipa kukata kodi na kuiwasilisha, na asipokata, atadaiwa yeye. Kifungu hiki kinachukua deni hilo na kukutwika wewe, pamoja na riba na adhabu zilizotokana na uamuzi wake wa kukuita mtoa huduma. Usikikubali kilivyo. Wajibu wako uishie kwenye kodi ya mapato yako mwenyewe.

Mwisho, uliza kuhusu mkataba usiouona. Katika biashara ya wakala kuna mikataba miwili: wako na wakala, na wa wakala na mteja. Kama ule wa juu unasema wakala ataleta watu 40 kukaa dawati la mteja saa nane kwa siku, karatasi yako ya kujitegemea haitasimama mbele ya mkaguzi anayesoma yote miwili. Wakala akikataa kukuonyesha bei, ni haki yake. Lakini mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba masharti ya usimamizi, mbadala na malipo katika mkataba wa juu hayapingani na ya kwako, na ataje nani atakata kodi, yeye au mteja. Ni vema pia kuuliza leseni yake, maana mawakala binafsi wa ajira wanatakiwa kuwa nayo.

Ukiamua kujitegemea

Kujitegemea kwa kweli ni njia ya heshima. Mfasiri mwenye wateja watano, mpigapicha mwenye kamera zake, mtengeneza programu anayetoza kwa mradi: hawa ni wafanyabiashara, na mkataba wao unapaswa kusomeka hivyo. Lakini biashara ina wajibu wake. Pata namba ya mlipakodi (TIN) ya biashara. Wasilisha makadirio ya mwaka kwa TRA ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na ulipe kwa awamu nne: mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka wa kalenda inawasilishwa kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Usitegemee utaratibu wa wafanyabiashara wadogo wa kulipa kwa kuangalia mauzo, kwa kuwa hauwahusu watoa huduma za kitaalamu na kiufundi.

Kila unapokatwa ile asilimia 5, dai cheti cha kodi ya zuio. Bila cheti, fedha iliyokatwa kwenye malipo yako inaweza isihesabiwe kama kodi uliyolipa, na wapo wanaolipa mara mbili kwa uzembe huo. Risiti za mashine za kielektroniki (EFD) za intaneti, vifaa na usafiri wa kazi zitunzwe kila mwezi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Weka kando sehemu ya kila malipo kwa ajili ya awamu ijayo, na ujiunge kwa hiari na NSSF, kwa kuwa hakuna mwajiri wa kukuwekea akiba.

Na kama baada ya kusoma umeona kazi yenyewe ni ajira, mwambie wakala hivyo, kwa adabu na kwa maandishi, uombe mkataba wa ajira wenye PAYE, NSSF na likizo. Akisisitiza uwe mtoa huduma, peleka bei mpya. Kwa mfano wetu, bei hiyo ianze na zile 280,000 anazookoa kila mwezi, iongezwe thamani ya siku 28 za likizo na gharama zako za kazi. Na yale masharti ya saa, ruhusa na kumtumikia mmoja tu yaondolewe. Anayetaka faida ya kutokuwa mwajiri aache pia mamlaka ya mwajiri.