Je, Tabora Jazz Ilipiga Jazz?

Kaeni vizuri, mfungue madaftari. Leo hatusemi habari ya mbolea wala ya maji ya kuchemsha. Leo tunasema habari ya muziki, na hasa majina ya muziki.

Kwanza andikeni maneno manne: beni, dansi, rumba, jazz. Mmekwisha? Vema. Sasa tusikilizane.

Zamani mji wa Tabora ulikuwa na bendi tatu mashuhuri: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Wazee wengi wanaukumbuka wimbo wa "Dada Asha" wa Tabora Jazz, tena wanamkumbuka marehemu Shem Karenga, mmoja wa wanamuziki wa bendi hiyo. Lakini kuna watu wanaouliza: bendi hii kweli ilipiga jazz? Wengine hujibu, "Hapana, jina hilo ni la kuazima." Wengine husema, "Mwenye mtoto ndiye ampaye jina." Nani ana haki? Tutazame jambo hili polepole.

Jazz ni muziki uliozaliwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa watu weusi wa mji wa New Orleans. Mpigaji wa jazz hupewa nafasi ya kubuni sauti zake papo hapo. Tabora Jazz haikupiga hivyo. Ilipiga magitaa, ikaimba kwa Kiswahili, na mapigo yake yalikuwa ya rumba. Basi kwa masikio, haikuwa jazz ya New Orleans.

Je, jina lilitoka wapi? Hapo ni lazima tuifuate njia, kwa maana Tabora ni mji wa njia. Kabla ya reli, misafara ilikutana hapo. Njia moja ilitoka Bagamoyo pwani, nyingine ilikwenda Ujiji penye Ziwa Tanganyika, nyingine ilielekea kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na mizigo, wakarudi na nguo na shanga. Lakini nyimbo na ngoma nazo husafiri, wala hazina uzito kichwani. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ilifika Kigoma. Sasa mambo mapya yakaja upesi zaidi.

Moja la mambo hayo lilikuwa beni. Neno hili limetoka katika neno la Kiingereza la bendi. Beni ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Watu waliiga bendi za askari: walivaa sare, wakapeana vyeo, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakashindana chama kwa chama. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, na baada yake, beni ilienea bara hata ikafika Tabora.

Kisha likaja dansi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Katika miaka ile ya 1930 santuri za Kuba zilianza kuuzwa Afrika, nazo zilikuwa na herufi GV. Sikilizeni sana hapa. Nyimbo nyingi za santuri hizo hazikuwa rumba kwa Wakuba wenyewe. Wao huziita son. Lakini wafanya biashara waliandika rumba juu ya santuri, na jina likashika. Basi hata hili jina la rumba, ambalo wengine husema ndilo la kweli, lilikuja kwa mlango wa duka.

Jina la jazz nalo ni vivyo hivyo. Siku zile jazz lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa ya kuchezea dansi. Si Tanganyika peke yake. Huko Kongo, mwaka 1956, Franco na wenzake walianzisha OK Jazz, nayo ilipiga rumba. Hakuna aliyedanganywa. Aliyelipa kiingilio alijua atakalolisikia.

Mabishano haya si yetu sisi tu. Huko Cleveland, Marekani, kuna jumba la heshima la muziki wa rock and roll. Mwaka 2006 lilimpokea Miles Davis, mpigaji wa jazz. Mwaka 2007 likapokea kundi la Grandmaster Flash, lenye nyimbo za kufoka. Mpaka leo watu hubishana kama hao wanastahili kuwamo.

Mtu atasema, "Jina ni maneno tu, lina faida gani?" Lina faida. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa jina la Kongo zote mbili. Ni haki yao. Lakini vijana wetu wakisema kwamba bendi za Tabora zilinakili rumba tu, nani atazitunza kanda zao? Kanda isiyo na jina lake hutupwa. Na sisi tukisema kwamba muziki ule wote ni wetu, hatukumkopa mtu, tutakuwa tumesema uongo.

Basi shikeni maswali matatu. La kwanza: mapigo yametoka wapi? La pili: watu waliutumiaje muziki huo? La tatu: wenyewe waliupa jina gani?

Tuipime Tabora Jazz. Mapigo yalitoka Kuba na Kongo. Watu waliutumia kwa kucheza wawili wawili ukumbini. Wenyewe waliuita dansi, na mtindo wao waliuita Segere Matata. Jibu langu ni hili: huo ni muziki wa dansi, mtoto wa rumba, mwenye jina la jazz na maneno ya Kiswahili. Mtoto hafanani na mzazi mmoja tu, wala hawi nakala yake.

Lakini msilifanye neno dansi kuwa kapu la kila kitu. Taarabu pia yaweza kuwa na gitaa. Hata hivyo desturi yake ya zamani ni kukaa, kuyasikiliza maneno, na kumtunza mwimbaji. Matumizi ni mengine, na jina ni jingine. Siku hizi watu wengi husimama wakaicheza taarabu. Je, imekuwa dansi? Hilo nawaachia ninyi.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini bendi nyingi za zamani zilijiita Jazz?
2. Nani aliandika neno rumba juu ya santuri za Kuba?
3. Pimeni beni kwa maswali matatu. Je, beni ni dansi?

Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja aliyecheza dansi ujanani mwake. Andika jina la bendi, mji, na jina la mtindo. Sentensi tano zatosha. Mwalimu ayatunze madaftari hayo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.