Kishikwambi cha wino kinasoma vizuri, lakini hakioni njano



Wengi mnaniuliza, kile kidude kikubwa ninachotembea nacho shambani ni nini? Ni kishikwambi cha wino wa kielektroniki, inchi 10. Ndani ya kioo chake kuna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unazipandisha na kuzishusha, maandishi yanatokea. Kioo chenyewe kinatumia chaji hasa pale unapofungua ukurasa mwingine. Na jua la saa saba mchana ndiyo linakifanya kisomeke vizuri zaidi, tofauti na simu.

Tafiti nyingi zinakuja kwa PDF za karatasi ya A4, safu mbili, herufi ndogo. Kwenye simu unasogeza kushoto, kulia, mpaka unasahau ulichosoma. Kwa hiyo chombo hiki kimenisaidia sana. Ila leo nawaambia kosa langu.

Kabla ya masika, mama mmoja wa Chamazi aliniita. "Bwana shamba, hii mihogo majani ya chini yana njano. Majirani wanasubiri vipando, niwape?" Nikafungua utafiti wa magonjwa ya mihogo pale pale, nikalinganisha picha na jani. Majani machanga hayakuwa yamejikunja, kwa hiyo si batobato. Picha ya pili niliiona kijivu tupu. Nikamwambia, "Mama, hayo ni uzee wa majani tu. Wape."

Usiku nikafungua faili lile lile kwenye simu. Ile picha ya kijivu ilikuwa na njano inayofuata mishipa ya jani. Michirizi kahawia! Sikulala vizuri.

Asubuhi na mapema nikapanda boda. Nikakuta mafungu yameshafungwa kwa kamba, yapo mlangoni. Tukachuna ganda la shina: michirizi ya kahawia. Tukang'oa mhogo, tukaukata: madoa makavu ya kahawia ndani. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, ungechelewa ningewaharibia watu."

Ugonjwa huu si mgeni. Uliandikwa tangu mwaka 1936 na mtafiti wa kituo cha Amani, Tanga. Inzi weupe wanausambaza, lakini anayeusafirisha mbali ni sisi wenyewe, kwa vipando. Kwa juu mmea unaweza kuonekana mzima huku mizizi imeoza.

Tulichofanya, nawe ufanye:

1. Vipando vya shamba lenye dalili usigawe. Mimea iliyoumwa ing'oe, uiteketeze.

2. Kabla ya kuchukua vipando, kata mihogo kadhaa sehemu tofauti za shamba. Usiamini majani peke yake.

3. Tafuta mbegu iliyokaguliwa na TOSCI. Aina kama Kiroba inavumilia michirizi kahawia.

Kwa maafisa wenzangu: ukinunua kishikwambi cha wino, inchi 6 haitoshi kwa A4. Chukua 10 au 13, ukate kingo nyeupe za ukurasa ili herufi zikue. Maandishi na majedwali soma humo. Picha ya jani, ifungue kwenye simu, kivulini. Vipo vya rangi, ila rangi zake zimefifia.

Na kisu usikiache nyumbani. Siku ile kisu ndicho kilichotupa jibu.

Tukutane shambani.