Kuendesha Lori kwa Kujitegemea: Faida, Hasara na Hesabu ya Tripu Moja

Msimu wa mahindi ukifika Kitale, simu za madereva wa lori haziachi kulia. "Kuna mzigo wa Bungoma, utabeba kwa ngapi kwa gunia?" Dereva wa mshahara anamwachia bosi hilo swali. Dereva anayejitegemea anajibu mwenyewe, na akitaja bei mbaya, hasara ni yake.

Kama unafikiria kuacha mshahara uwe bosi wako, soma hii kwanza.

Unajitegemea vipi?

Kuna aina mbili, na watu huzichanganya sana.

Ya kwanza ni dereva mwenye lori lake, hata kama bado analilipia mkopo. Ya pili ni dereva anayeendesha lori la mtu na kulipwa kwa tripu, bila mshahara wa mwezi. Wote wawili huitwa kontrakta, lakini wa pili ako kwa hatari ya kipekee: hana mali ya lori, na pia hana ulinzi wa mfanyakazi.

Faida

- Unachagua mzigo. Mavuno ni karibu Oktoba hadi Desemba, halafu mbolea inaanza kupanda Kitale kabla ya mvua za Machi na Aprili. Anayejitegemea anaweza kufuata misimu hii, na pia kubeba miwa upande wa Nzoia.
- Ukipata mzigo wa kurudi, faida ni yako. Lori likienda Bungoma na mahindi na kurudi Kitale na mbolea, dizeli ya kurudi imelipwa na mteja.
- Unajenga jina lako. Mteja akikuamini, anakupigia wewe moja kwa moja, si dalali.

Hasara

- Ukiumia, hakuna mwajiri wa kukufidia. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, WIBA ya 2007, inalinda wafanyakazi. Kontrakta anajitafutia bima yake.
- Hakuna likizo ya kulipwa. Mfanyakazi wa kudumu ana haki ya angalau siku 21 za kazi kila mwaka, pamoja na siku za ugonjwa. Wewe ukilala na malaria wiki nzima, hiyo wiki haina pesa.
- NSSF na SHA unalipa mwenyewe. Kwa mwajiriwa, mwajiri huchangia nusu ya NSSF. Kwa anayejitegemea, SHA huanzia Sh300 kwa mwezi.
- Mizani haijali urafiki. Mteja akikushawishi uongeze magunia, ukifika mizani ya Webuye tozo ya kuzidisha uzito itamwangukia mwenye lori. Lori la ekseli mbili halifai kupita tani 18, lori na mzigo pamoja.
- Sheria ya saa bado inakuhusu. Dereva wa gari la biashara haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, hata kama lori ni lake.

Na wewe unayeendesha lori la mtu: kama yeye ndiye anakupangia saa, njia na mzigo, na huruhusiwi kufanyia mtu mwingine kazi, usikubali tu kwamba wewe ni kontrakta kwa sababu karatasi imesema hivyo. Mahakama zetu huangalia kazi yenyewe inavyofanyika. Uliza ofisi ya leba kabla ya kuweka sahihi.

Hesabu ya tripu moja

Hapa ndipo wengi huumia. Tuchukue mfano. Tuseme umebeba magunia 110 ya kilo 90, karibu tani 10, kutoka Kitale hadi Bungoma kwa Sh150 kwa gunia. Umelipwa Sh16,500.

- Dizeli kwenda na kurudi: Sh7,500
- Tanboi: Sh800
- Ushuru wa kaunti na paking: Sh700
- Chakula: Sh500
- Akiba ya tairi na service: Sh2,500
- Akiba ya bima: Sh1,000
- Kodi ya mauzo, asilimia 3: Sh495

Jumla ni Sh13,495. Unabaki na Sh3,005, na kama lori lina mkopo, bado hujaugusa.

Sasa dalali anakuomba ushuke hadi Sh120 kwa gunia. Shilingi 30 inaonekana kidogo. Lakini malipo yanakuwa Sh13,200 na kodi Sh396. Umepata hasara ya Sh196.

Shida ni kwamba hutaiona siku hiyo. Ukilipa dizeli, tanboi, ushuru na chakula, mfukoni bado kuna Sh3,700, na utasema kazi imelipa. Kumbe hiyo ni pesa ya tairi, bima na KRA. Siku tairi inapasuka ndipo unajua ulikuwa unakula lori polepole.

Kuhusu hiyo kodi: asilimia 3 inahusu biashara ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, na inakatwa kwa mauzo yote, si faida. Tripu mbili kama hii kila wiki zinakufikisha Sh1.7 milioni, kwa hivyo uko ndani.

Simu yako ikusaidie

1. Tenga laini au till ya lori pekee. Pesa ya unga na pesa ya dizeli zikikaa pamoja, hutajua lori linaingiza ngapi.
2. Omba pesa ya dizeli kabla ya kupakia. Dizeli inalipwa leo, lakini wateja wengine hulipa baada ya wiki mbili.
3. Malipo yakiingia, tuma Sh3,500 ya tairi, service na bima kwa akaunti ya akiba siku hiyo hiyo.
4. Angalia salio kabla ya kushusha mzigo. Usiamini SMS pekee, matapeli hutuma za uongo. Na PIN ni yako peke yako.
5. Pakua statement kila mwezi. Itakusaidia kwa kodi na pia ukiomba mkopo.
6. EPRA ikitangaza bei mpya ya mafuta kila katikati ya mwezi, piga hesabu upya kabla ya kumjibu mteja.

Kujitegemea kunalipa kwa dereva anayejua bei yake ya chini kabisa. Kabla hujaacha mshahara, andika gharama za lori unaloendesha sasa kwa mwezi mmoja, zote, hata zile bosi analipa. Ukishazijua, mteja akiuliza "kwa ngapi kwa gunia?" utakuwa na jibu.