Juu ya nini wapenzi wa Ford wanalalamika?

Mwezi wa 4 mwaka 2018, kampuni Ford ilitangaza kama itaacha kuuzisha kule Marekani gari zake za chini: Fiesta, Fusion na Taurus. Mustang, ile ya mwendo kasi, ilibakia. Sababu ni faida: jeep na pikap ndizo zinaingiza feza mingi.

Lakini mwenye mshahara kidogo anauliza: na mimi nitanunua nini? Fiesta ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kule. Hata Ulaya, Fiesta iliyoanza mwaka 1976 iliacha kutengenezwa 2023.

Kampuni iko na haki ya kutafuta faida. Ila kijana asiyepata gari yake ya kwanza kwa Ford, ataizoea ya kampuni ingine.