Namba Moja kwa Macho ya Nani?

Chukua vyuo 240 hivi. Vitawanye kwenye nchi yenye ukubwa wa takribani mara kumi ya Tanzania. Kila chuo kipe timu moja, na kila timu ipe mechi kumi tu kabla ya mtoano. Sasa mwite mtu, mpe karatasi, mwambie: tuandikie timu 25 bora, kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na tano. Jamaa atakuuliza, hizo timu nimeziona wapi?

Ndivyo mambo yalivyo kwenye futiboli ya vyuo vidogo vya Marekani. Kila wiki, kuanzia Septemba hadi Novemba, orodha ya viwango vya kitaifa inatoka, watu wanabishana, halafu wiki inayofuata inatoka nyingine. Makala hii inaeleza orodha hiyo inatengenezwaje, na nini inaweza au haiwezi kutuambia. Najua wengi wetu hatuufuatilii mchezo wenyewe. Lakini orodha za "bora" tunazisoma kila siku, na huu ni mfano mzuri wa kujifunza kuzisoma.

Vyuo vidogo ni vipi?

Futiboli ya Kimarekani siyo soka letu. Ni ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wachezaji 11 kila upande, wamevaa helmeti na makinga ya mabegani, na mpira unabebwa mikononi zaidi kuliko kupigwa kwa mguu. Timu ikiufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani inapata pointi sita. Baada ya hapo inachagua: iupige kwa mguu golini ipate pointi moja ya nyongeza, au ijaribu kuuingiza tena ipate mbili. Hilo la pointi mbili lishike, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1973 NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kiliwagawa wanachama wake katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza ndilo lenye wale wakubwa wa kwenye televisheni: viwanja vya watu 100,000, makocha wanaolipwa mamilioni ya dola. Daraja la Tatu (wala siyo ile divisheni ya matokeo ya kidato cha nne) ni la vyuo ambavyo haviruhusiwi kumpa mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya michezo. Misaada ya kawaida kwa vigezo vya masomo au hali ya familia ipo, lakini hakuna anayesomeshwa kwa kuwa anajua kukimbia na mpira. Mchezaji anaingia darasani kama wenzake, na jioni anakwenda mazoezini.

Na sheria hiyo haina masihara. Chuo Kikuu cha Mary Hardin-Baylor cha Texas kilitwaa ubingwa wa Daraja la Tatu mwaka 2016. Baadaye ikagundulika kwamba kocha alikuwa amemwazima mchezaji gari lake la zamani, Subaru ya mwaka 2006. Ubingwa ukafutwa kwenye kumbukumbu. Kwa Subaru ya kuazima!

Hesabu inapogoma

Msimamo wa Ligi Kuu yetu ni rahisi kuuelewa. Timu 16, kila moja inakutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, mwisho unahesabu pointi. Unaweza kumlaumu refa, lakini hakuna mtu aliyekaa mahali akapiga kura kuamua nani awe wa ngapi.

Sasa rudi kwa wale 240. Ukitaka kila timu ikutane na kila nyingine hata mara moja tu, unahitaji mechi 28,680. Timu 240 zikicheza mechi kumi kumi, unapata mechi 1,200. Hiyo ni kama asilimia 4. Yaani katika kila jozi 100 za timu unazoweza kuzilinganisha, kama 96 hazijawahi kukutana msimu huo.

Na hata hiyo asilimia 4 haijatawanyika vizuri. Mechi nyingi zinachezwa ndani ya ligi za ukanda, ambazo wenyewe wanaziita konferensi. Timu ya Ohio inashinda timu za Ohio, timu ya Wisconsin inashinda timu za Wisconsin. Kila upande una mbabe wake, ila daraja la kuunganisha pande hizo ni jembamba sana. Mfano mzuri ni NESCAC, ligi ya kaskazini mashariki yenye vyuo kama Amherst na Williams. Kwa miaka mingi timu zake zilicheza futiboli zenyewe kwa zenyewe tu, na bingwa wake hakwenda kwenye mtoano wa kitaifa. Anaweza kumaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja. Je, ni bora kuliko timu ya Wisconsin iliyopoteza mbili? Hakuna mechi ya kukujibu, wala hakuna mpinzani wa pamoja wa kuwapimia. Hapo ndipo kura inapoingia.

Kura inavyopigwa

Shirika la habari la AP lilianza kupanga viwango vya timu za vyuo vikubwa mwaka 1936. Shabaha mojawapo ilikuwa ya kibiashara kabisa: watu wawe na cha kubishania kati ya Jumamosi moja na nyingine. Vyuo vidogo vilisubiri. UPI, wapinzani wa AP, walianzisha viwango vya vyuo vidogo mwaka 1958 kwa kura za makocha, na AP wakafuata mwaka 1960. Baada ya madaraja kugawanywa, orodha hizo mbili zilikoma katikati ya miaka ya sabini. Siku hizi chama cha makocha wa futiboli, AFCA, kina orodha yake ya Daraja la Tatu, na ipo nyingine inayopigiwa kura na watu 25, mchanganyiko wa makocha, maofisa habari wa michezo wa vyuo na wanahabari.

Utaratibu ni huu. Kila mpiga kura anaandika timu 25. Ya kwanza inapata pointi 25, ya pili 24, na kuendelea mpaka ya mwisho inayopata 1. Pointi zinajumlishwa, basi.

Inaonekana haki tupu, lakini ngoja tujaribu. Tuseme wapiga kura 13 kati ya 25 wameiweka Timu A namba moja, na 12 waliobaki hawaikubali, wameiweka ya kumi. Hapo A ina 325 kutoka kwa wale 13, na 192 kutoka kwa wale 12. Jumla 517. Timu B haikuwekwa namba moja na mtu yeyote, ila wote 25 wameiweka ya pili. Ina pointi 600. Kwa hiyo timu ambayo wengi wanaamini ndiyo bora nchini inakaa chini ya timu ambayo hakuna hata mmoja anayeamini hivyo. Hakuna aliyeiba kura. Ni njia tu ya kuhesabu ndiyo iliyoamua kwamba kukubalika na wote ni bora kuliko kupendwa sana na wengi.

Tatizo la pili ni muda. Kocha anayepiga kura yuko uwanjani na timu yake Jumamosi ileile ambayo wengine wote wanacheza. Atawaona saa ngapi? Anachokuwa nacho ni matokeo, sifa alizosikia, na orodha ya wiki iliyopita. Na orodha ya kwanza kabisa hutoka kabla mpira haujachezwa, ikitegemea zaidi msimu uliopita. Ukianza juu, unabaki juu mpaka ufungwe. Ukianza nje ya 25, unaweza kushinda mechi tano mfululizo na bado unasubiri walio mbele yako wateleze. Jina la chuo nalo linapiga kura.

Chuo cha ualimu ambacho hakikuwapo

Kisa cha mwaka 1941 kinaonyesha jinsi vyuo vidogo vilivyokuwa gizani. Magazeti ya New York na Philadelphia, likiwemo New York Times, yalianza kuchapisha matokeo ya Chuo cha Ualimu cha Plainfield, New Jersey. Wiki nenda wiki rudi, Plainfield inashinda. Ilikuwa na nyota anaitwa Johnny Chung, aliyemwagiwa sifa kibao, na msemaji aliyekuwa akituma taarifa za timu kwa waandishi.

Shida ni moja tu: chuo chenyewe hakikuwapo. Kilitungwa na dalali wa hisa wa New York, Morris Newburger, ambaye kila Jumamosi alikuwa akipiga simu magazetini kutaja matokeo ya mechi alizozibuni mwenyewe. Siri ilipofichuka Novemba, taarifa ya mwisho ya "chuo" ilisema mechi zilizobaki zimefutwa kwa sababu wachezaji kadhaa, Chung akiwemo, wamefeli mitihani ya katikati ya muhula. Sisi tunaosomea ualimu tumecheka, ila kwa uchungu kidogo.

Magazeti hayakuwa ya wajinga. Yalichapisha kwa sababu hakuna aliyetegemea kuwaona Plainfield, kama ambavyo hakuna aliyetegemea kuviona vyuo vingine vidogo vya kweli vilivyokuwa vinapiga simu zilezile jioni ileile. Leo, enzi ya video, utani wa namna hiyo ungekuwa mgumu. Lakini kumwamini mtu usiyemwona kwa kusikia tu matokeo yake, hilo bado ndilo linafanya orodha itoke kila wiki.

Uwanjani

Hapa vyuo vidogo vina jambo la kujivunia. Daraja la Tatu limekuwa likitafuta bingwa wake kwa mtoano tangu 1973, na fainali yake inaitwa Stagg Bowl. Wale wakubwa wa ngazi ya juu ya Daraja la Kwanza waliendelea kutegemea kura na kompyuta kumtafuta bingwa, mpaka walipoanza mtoano wa timu nne mwaka 2014. Wadogo walitangulia kwa miaka 41.

Mtoano ukathibitisha baadhi ya majina. Mount Union, chuo cha mji mdogo wa Alliance, Ohio, kina ubingwa mara 13. Kocha wake Larry Kehres, kati ya 1986 na 2012, alishinda mechi 332, akapoteza 24 na kutoka sare 3. Kuanzia 2005 hadi 2011, fainali saba mfululizo zilikuwa Mount Union dhidi ya Whitewater ya Wisconsin. Hao wapiga kura walipowaweka juu, hawakukosea.

Lakini mwaka 2023 North Central ya Illinois, bingwa mtetezi aliyekuwa akiongoza viwango, ilikwenda fainali dhidi ya Cortland ya New York. Cortland wakiwa mbele 38 kwa 31, North Central wakafunga dakika za mwisho. Pointi moja ya mguu ingesawazisha. Wakachagua kuitafuta ya mbili. Wakazuiwa. 38 kwa 37, Cortland bingwa.

Jambo la kufurahisha: Whitewater na Cortland vyote vina mizizi ya mwaka 1868, na vyote vilianza kama vyuo vya ualimu. Vya kweli hivyo, siyo vya simu.

Kwa nini basi watu wanaumia?

Kama uwanja ndio unaoamua, orodha ya kura inamhusu nini mtu? Kwa sheria, karibu hakuna. Tangu 2024 mtoano una timu 40. Mabingwa wa ligi za ukanda wanapita moja kwa moja, na nafasi chache zinazobaki zinaangaliwa kwa fomula inayohesabu ushindi na ugumu wa wapinzani. Kura haziingii. Ndiyo maana timu inaweza kushinda tisa, kupoteza moja, ikasifiwa kwenye orodha, halafu Novemba ikabaki nyumbani.

Ila nje ya sheria inahusu sana. Vyuo vingi vidogo vya binafsi vimeanzisha futiboli ili kupata wanafunzi. Timu moja inaweza kuwa na vijana 100 au zaidi, na kwa kuwa hakuna ufadhili wa michezo, ni wanafunzi 100 wanaoleta ada. Kuonekana kwenye orodha ya kitaifa ni tangazo la bure kwa chuo ambacho hakina hela ya matangazo. Kwa baadhi yao hilo linagusa mishahara ya wahadhiri na uhai wa chuo.

Hata hivyo, ushindi si kinga. Birmingham-Southern ya Alabama ilifungwa rasmi tarehe 31 Mei 2024 kwa ukata. Siku hiyohiyo timu yake ya besiboli ilikuwa Ohio, kwenye fainali za kitaifa za Daraja la Tatu. Miongoni mwa timu bora nchini, na chuo hakipo tena.

Maswali matatu

Kwa hiyo ukikutana na orodha ya bora, iwe ya timu, ya vyuo vikuu au ya kitu chochote, iulize mambo matatu. Nani alipiga kura au alitoa takwimu? Aliviona vingapi kati ya vile anavyovipanga? Na hesabu yake inazawadia nini: kupendwa na wengi, kukubalika na wote, au jina la mwaka jana?

Orodha ya vyuo vidogo vya Marekani inajibu maswali hayo hadharani: watu 25, pointi 25 hadi 1, kila wiki. Unaweza kuikosoa kwa sababu unajua ilivyopikwa. Orodha isiyokubali kukuonyesha jiko lake, usiibebe kwenye mjadala.