Mouse ni ya Wazee

Jana usiku chali mmoja wa mbogi yetu hapa Rejaf alifungua Vim, ile programu ya kuandikia code, saa mbili. Saa tatu bado yuko ndani. Amefinya kila kitu kwa kibodi, herufi zinaruka tu kwa skrini. Mwisho akang'oa betri ya laptopu. Betri, buda! Hapo umechoma picha kutoka mlimani mpaka Gumbo.

Lakini hayuko solo. May 2017, Stack Overflow, ile site ya maswali ya macoder, walitangaza kuwa swali la vile mtu hutoka Vim limesomwa zaidi ya mara milioni moja. Wewe ni wa block yetu, so shika hii: finya Esc, andika :q! halafu Enter. Umehepa, na hakuna kitu umesave. Ukitaka kusave ndio utoke, ni :wq. Kwisha.

Sasa mbona uingie? Juu ya doh, manze. Vim ni bure. Haitaki mashini ya mamilioni. Ile laptopu ya mitumba ilishuka na basi ya Kampala kupitia Nimule inaibeba bila kutoa jasho. Hata simu: weka Termux kwa Android, piga pkg install vim, uko ndani. Bando zenye ziko na bei ya kukuliza zikiisha, Vim haishtuki, juu ikishaingia haitaki net. Na jenereta ikizimwa ukiwa katikati ya mstari? Kuna faili imejificha, jina inaishia na .swp, Vim inakuwekea kazi humo. Stima ikirudi piga vim -r na jina la faili yako. Kazi inafufuka, karibu yote.

Khalu, mjomba wangu, akiona skrini nyeusi anasema ni virusi. Halafu kila siku swali ni moja: "Mouse iko wapi?" Khalu, mouse iko store inakula dura.

Sisi tunatembea na h, j, k, l: kushoto, chini, juu, kulia. Hazikuokotwa tu. Bill Joy aliandika vi 1976 huko Berkeley, California, akitumia terminali inaitwa ADM-3A, na mishale ilikuwa imechorwa kwa hizo herufi nne. Esc nayo ilikaa pale Tab iko leo, karibu na kidole. Siku mbili za kwanza vidole vinapotea. Ya tatu unateleza.

Ngori yenyewe iko kwa modi. Ukiingia Vim, herufi ni amri, bado si maandishi. Finya i ndio uandike. Finya Esc, umerudi kwa amri. Yule wa betri alikwama hapo tu. Na ukishavuka hapo, maze, ni utamu. Vim iko na sarufi! d ni futa, w ni neno, so dw inafuta neno. d3w, yamededi matatu. dd, mstari mzima umededi. u, umerudisha. Cheki live: umeandika mji = "Jubaa". Simama ndani ya zile alama za kunukuu, piga ci" na neno limefutika, mlango uko wazi. Andika Juba. Esc. Hujagusa kitu ingine. Ni vile tu Kiswahili hubandika "nitakufutia", sentensi nzima imekaa ndani ya neno moja.

1928 wakoloni walifanya mkutano hapa hapa Rejaf kuamua lugha gani za huku kusini zifundishiwe shule. Kibari kikaingia. Hii lugha ya Vim nayo tumejichagulia wenyewe.

Na kuna kitu hufanya niipende serious. Fungua Vim bila faili, ucheki pale katikati. Mara nyingi utapata mstari unaomba usaidie watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim 1991. 1994 akaenda kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, mambo ya maji na usafi, mahali UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi. Akaamua hivi: programu chukua bure, ukiipenda saidia watoto wa Kibaale. Alifariki Agosti 2023 na mstari bado uko. Piga :help uganda usome mwenyewe. Fikiria msee wa Silicon Valley, mshahara mnono, na kabla aandike herufi moja anakutana na jirani zetu wa ng'ambo ya Nimule. Mimi husisimka kila mara.

Jioni tuko chini ya mwembe, upande wa mto. Kuja ukiwa umecharge. Tunapiga vimtutor, nusu saa hivi inakutoa ushamba. Yule wa betri atakuwepo, leo ametoka na :wq mara tano mfululizo na anatembea kifua mbele.

Khalu naye ametoka soko la Konyo Konyo saa hii. Ameninunulia mouse. Wireless. Bado iko kwa plastiki yake.