Udugu wa Mapadre Huanzia Altareni



Sisi waseminari huulizwa na waamini: mbona watawa wana jumuiya ya kuishi nayo, na padre wa jimbo mara nyingi tunamkuta peke yake? Swali hilo latugusa, maana ndiyo njia tunayoiendea.

Wamisionari wa Afrika walipofika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, walikuwa na kanuni ya Kardinali Lavigerie: wasiishi pungufu ya watatu katika misheni moja. Padre wa jimbo hana kanuni hiyo. Yeye huahidi utii kwa Askofu wake, na hutumwa panapohitajika. Katika Jimbo la Mpanda, lililozaliwa kutoka Sumbawanga mwaka 2000, huko kwaweza kuwa mbali. Kutoka Karema hadi Mpanda mjini, au kwenda Inyonga, ni safari ndefu, na mvua huirefusha.

Je, hana ndugu? Tukumbuke Misa ya upadrisho. Askofu akishamwekea mteule mikono kimya, mapadre waliopo nao humwekea mikono, mmoja baada ya mwingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Presbyterorum Ordinis ya 1965 (namba 8), unauita udugu huo wa kisakramenti. Hautokani na kabila, urafiki wala kusoma pamoja. Kwa hiyo unamdai padre hata kwa mwenzake asiyepatana naye.

Udugu huo hulishwa. Hati hiyo inahimiza ukarimu na meza ya pamoja. Kanuni ya 280 ya Sheria za Kanisa inasifu maisha ya pamoja. Maana yake ni nini parokiani? Paroko na msaidizi wake wasali Masifu pamoja, wale pamoja, wasikwepe mafungo, na aliye mbali atembelewe kabla hajakata tamaa. Sala ya peke yako ni rahisi kuahirishwa; mwenzako akikungoja kanisani, utaamka.

Waamini nao wana sehemu. Jumuiya ikigawanyika, hawa watu wa paroko na hawa watu wa msaidizi, inabomoa nyumba ya mapadre kwa maneno ya kupeleka na kuleta. Tuwaombee wote wawili.

Nasi tulio malezini tusingoje upadrisho. Tunayemkwepa leo mezani, kesho huenda tukapangiwa naye parokia moja.